Mchoraji Miaka Mia, Mpiga Picha Hamsini

Agosti 27, 2010, Uhuru Park ilifurika watu waliokuja kushuhudia Katiba mpya ikizinduliwa. Tuchukulie kwamba katika umati ule walikuwamo vijana wawili wa miaka 25. Mmoja ana kamera; anapiga picha na kuichapisha jioni hiyo hiyo. Mwenzake anarudi nyumbani Kayole, anatandaza turubai na kuichora siku ile kama alivyoiona. Mungu awajalie wote wafike miaka 75. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ulinzi wa ile picha utakwisha Desemba 31, 2060, mpiga picha angali hai, na kesho yake kampuni yoyote ya kalenda itaweza kuichapa na kuiuza bila kumpa hata ndururu. Mchoraji naye, hata akifariki mwaka huo huo, wanawe na wajukuu wake wataendelea kuimiliki kazi yake hadi mwisho wa 2110.

Hesabu hiyo inatokana na kifungu kifupi tu. Kazi ya sanaa hulindwa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, isipokuwa picha ya kamera. Hiyo imetiwa kapu moja na filamu na video: miaka 50 tangu ilipotengenezwa au ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, na kuhesabiwa kutoka tarehe iliyokuja mwisho.

Nitasema mapema ninakosimama. Tofauti hii haina msingi. Lakini wanaoitetea wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukubali sisi tunaowapenda wapiga picha, na kuiondoa kwa kuongeza miaka peke yake kutawaumiza watu wasio na wakili. Kitu cha kwanza anachonyang'anywa mpiga picha wa Nairobi ni jina lake. Miaka inafuata baadaye.

Kwanza tujue tofauti hii ilitoka wapi, maana hatukuibuni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, ambayo makoloni yalitawaliwa nayo, iliipa picha miaka 50 tangu negativu ilipotengenezwa, na mwenye negativu ndiye aliyehesabiwa kuwa mtunzi. Waingereza wenyewe waliachana na mwendo huo mwaka 1988, wakampa mpiga picha muda sawa na mchoraji. Mkataba wa hakimiliki wa 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mali ya ubunifu, nao ukaziondolea nchi zinazouridhia ruhusa ya kuipunja picha. Sisi tukaandika sheria mpya mwaka 2001, miaka mitano baada ya mkataba huo, tukaubakiza ubaguzi ambao aliyetufundisha alikuwa ameshautupa.

Majumba ya sanaa yalikwisha kulimaliza jambo hili zamani. Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilifungua maktaba ya filamu mwaka 1935 na idara ya picha mwaka 1940. Mwaka 1963, mjini Wuppertal, Ujerumani, msanii Nam June Paik alionyesha televisheni alizozivuruga kwa makusudi, na video ikaanza safari yake ya kuhesabiwa miongoni mwa sanaa. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, huonyesha kazi zake za video mahali pale pale anapoonyesha vinyago na michoro yake. Hakuna mtazamaji anayeambiwa apunguze heshima akifika kwenye skrini.

Basi hoja za kuitetea sheria ni zipi?

Ya kwanza ni ya mashine, na ina umri karibu sawa na kamera yenyewe. Uvumbuzi wa Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ulitangazwa Paris mwaka 1839. Miaka 20 baadaye mshairi Baudelaire alikuwa akiandika kwa hasira kwamba picha ibaki kuwa mtumishi wa sayansi na sanaa, isijifanye sanaa. Mantiki yake inaeleweka. Mchoraji huanza na turubai tupu, na kila kilichomo amekitia yeye. Kamera huanza na ulimwengu uliokwisha kuwapo. Kidole kinabonyeza, mwanga unafanya kazi. Leo simu inatafuta umakini yenyewe, inapima mwanga yenyewe, inachagua sura iliyotabasamu vizuri katika sura kumi. Na akili unde haihitaji hata mwanga. Kamera ya usalama iliyotundikwa kwenye makutano ya barabara hurekodi usiku kucha, na hakuna anayedai ni msanii.

Hoja hii ilijibiwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1884, katika kesi ya mpiga picha Napoleon Sarony. Kampuni ya uchapaji ilikuwa imenakili picha yake ya mwandishi Oscar Wilde kwa maelfu ya nakala, ikajitetea kwamba picha ni zao la mashine na haina mtunzi. Mahakama ikakataa. Ikaangalia jinsi Sarony alivyomkalisha Wilde, alivyochagua mavazi na mapambo, alivyopanga mwanga na kivuli, ikasema pale pana akili ya mtu.

Sheria yetu inakubaliana na uamuzi huo, na hapa ndipo inapojipinga yenyewe. Inasema mtunzi wa picha ni yule aliyehusika na mpangilio wake. Haikusema mwenye kamera wala mwenye kidole. Imetambua kwamba picha inatoka kichwani mwa mtu, halafu kwenye kifungu cha miaka inamhesabia kama aliyeokota kitu njiani. Mtu atasema picha nyingi hazina mpangilio wowote, na ni kweli. Lakini michoro mingi pia haina. Mchoro niliouchora kwa kalamu ya wino nikisubiri zamu benki unalindwa maisha yangu yote na miaka 50 juu yake, kwa sababu sheria haipimi ubora wa mchoro. Ikiwa ubora haupimwi kwa mchoraji, haiwezi kuwa sababu ya kumpunja mpiga picha.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na inaniumiza kichwa. Ni hoja ya kumbukumbu.

Picha ndiyo hifadhi ya mji huu. Jinsi watu walivyovaa walipohamia Makadara na Bahati, jinsi Tom Mboya Street ilivyoonekana kabla ya matatu kuifunga, sura za mababu waliokwenda studio wakavaa koti la kuazima mbele ya pazia lililochorwa bustani: yote hayo tunayajua kwa picha, na nyingi ya picha hizo hazina jina nyuma isipokuwa muhuri wa studio uliofifia. Studio zilipofungwa, negativu zilitupwa au kubaki kwenye maboksi ya warithi wasiojua walichonacho. Mtunza makavazi akitaka kuchapisha picha ya namna hiyo leo, miaka 50 humpa mahali pa kusimama: akiweza kukadiria mwaka, anajua kama yuko huru. Ukimwambia ahesabu maisha ya mpiga picha na kuongeza nusu karne, unamtuma atafute kaburi la mtu asiyemjua jina. Ataiacha picha kwenye boksi. Kitabu cha historia cha mtoto wa darasa la saba kitabaki na picha zile zile tano.

Kuna nafuu kidogo ndani ya sheria yenyewe: kazi ya sanaa iliyotolewa bila jina la mtunzi hulindwa miaka 50 tangu ilipochapishwa. Kwa hiyo hata tukiwasawazisha mpiga picha na mchoraji, picha isiyo na jina iliyokwisha kuchapishwa haitapata muda mrefu zaidi ya ilio nao sasa. Lakini picha za studio nyingi hazikuchapishwa popote. Zilichukuliwa na mwenyewe zikapelekwa nyumbani. Hizo zitakwama. Nakubali hivyo bila kuzunguka, na mtu anayedai usawa wa miaka bila kutaja boksi hizo hajafika mwisho wa fikira yake.

Hata hivyo, tazama kilichompata Seydou Keïta wa Bamako. Alifungua studio yake mwaka 1948 na kuwapiga picha wakazi wa mji ule kwa ustadi ambao leo unafundishwa vyuoni. Mwaka 1991 picha zake zilitundikwa katika maonyesho New York, zikaandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Keïta alikuwa hai, nyumbani kwake Mali. Watu walilazimika kusafiri kumtafuta ndipo jina likarudi kwenye kazi. Mwaka 1994 Paris ikamfanyia maonyesho yake mwenyewe. Kabla ya hapo hakuna urefu wa hakimiliki ambao ungemfaa kitu, kwa sababu hakuna aliyejua amlipe nani. Ndiyo maana nasema jina litangulie. Gazeti linaloandika “Picha kwa hisani” chini ya kazi ya mtu, ukurasa wa mtandaoni unaokata pembe yenye saini kisha unaisambaza kwa watu laki moja, hao ndio wanaotengeneza maboksi ya kesho. Sheria tayari inampa mtunzi haki za kimaadili: atajwe, na kazi yake isiharibiwe, hata kama amekwisha kuiuza. Haki hizo hazitumiki mtaani, na ndizo zingemtatulia mtunza makavazi shida yake pamoja na ya mpiga picha.

Hoja ya tatu haitoki kwa wanasheria. Nimeisikia kwa wapiga picha wenyewe, wale wa habari. Wanasema: tusiite sanaa, mtatuharibia.

Nairobi ilijengewa heshima ya picha na mashahidi. Priya Ramrakha, aliyezaliwa hapa mwaka 1935, alizipiga picha harakati za uhuru na hatimaye akauawa akiwa kazini katika vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi pia, aliingia Korem, Ethiopia, Oktoba 1984 na kurudi na picha za njaa zilizoitikisa dunia. Boniface Mwangi aliyarekodi machafuko ya 2007 na 2008, kisha mwaka 2009 kupitia maonyesho ya Picha Mtaani akazitoa picha hizo nje, zikawekwa barabarani na viwanjani, mwananchi azione akipita kwenda kupanda gari. Na baada ya Juni 25, 2024, waandamanaji walipopigwa risasi nje ya Bunge, wachunguzi wa BBC walipitia picha zaidi ya 5,000 ili kuwatambua waliofyatua. Nyingi zilipigwa kwa simu na watu waliokuwa wakikimbia.

Nguvu ya picha zote hizo, wanasema, ni kwamba kamera ilikuwapo na haikubuni kitu. Siku mpiga picha atakaposimama mahakamani na kusema “mimi ni msanii, niliipanga”, wakili wa mshtakiwa atamuuliza: kwa hiyo ulitunga? Hoja hiyo ina uzito, na ukaidi wa mashine ambao Baudelaire aliudharau ndio unaoifanya picha iaminike pale neno la afisa halitoshi.

Lakini iangalie tena kazi ya Amin. Habari za njaa ya Ethiopia zilikuwa zimekwisha kutangazwa kabla ya Oktoba ile, na dunia ilisikia ikaendelea na shughuli zake. Kilichobadilika ni jinsi ilivyoonyeshwa: alfajiri, kamera ikipita polepole juu ya watu waliofunikwa blanketi, bila haraka ya kukimbilia sura inayolia. Hakuna alichokibuni, ila kila kitu pale amekichagua: saa, umbali, mwendo, kimya. Kuchagua si kutunga uongo, na shahidi anayejua kuchagua ndiye anayesikika. Sioni kwa nini tumlazimishe aache heshima moja ili apewe nyingine. Wanaokimbia na simu mbele ya Bunge hawana nafasi ya kuchagua mengi, sawa, lakini kipimo cha mpangilio kinatosha kuwatofautisha, kesi kwa kesi.

Pale wapiga picha wa habari wanaponishinda ni Kibera. Mtaa ule umepigwa picha na wageni na wenyeji kwa miaka mingi, na mara nyingi ni picha ile ile: mtoto, mtaro, reli, mabati. Mpiga picha akiulizwa idhini ya mzazi iko wapi, hujikinga kwa jina la sanaa. Picha inauzwa, inashinda tuzo, inatundikwa ukumbini. Mtoto anakua akiwa sura ya umaskini kwenye ripoti ya mwaka ya shirika fulani. Tukimwongezea mpiga picha miaka 50 ya kumiliki, tumemwongezea pia miaka 50 ya kuimiliki sura hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeanza kuleta usawa: mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza sehemu moja ya burudani jijini shilingi milioni 1.85 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Haki ya aliyepiga na haki ya aliyepigwa lazima ziandikwe pamoja. Anayepigania moja tu amepigania nusu.

Kwenye filamu mambo yanageuka. Sheria inayomtaja mpangaji wa picha kuwa mtunzi inasema mtunzi wa filamu ni yule aliyefanya maandalizi ya kuitengeneza, yaani mtayarishaji. Mwongozaji hayumo. Mwandishi na mhariri pia hawamo. Ufaransa, ambako ndugu wawili wa Lumière waliwaonyesha watu filamu kwa malipo Desemba 28, 1895, iliweka katika sheria yake ya 1957 kwamba mwongozaji, mwandishi na mtunzi wa muziki wote huhesabiwa watunzi wa filamu.

Waliotunga sheria yetu wana sababu. Filamu bila fedha ni daftari tu. Anayekopa, anayelipa vibali, anayebeba hasara ukumbi ukikosa watu, anastahili kushika funguo, na ni rahisi kununua haki kwa mtu mmoja kuliko kuwakimbiza watu sita. River Road, mtaa wa Nairobi wa filamu za bei nafuu, mfumo huo unafaa vizuri, kwa kuwa mtayarishaji huko mara nyingi ndiye aliyeandika, akaongoza, akaigiza na kuzibeba DVD dukani. Aliyepanga na aliyebuni ni mtu mmoja.

Shida huanza fedha zinapotoka mbali. Filamu kadhaa zilizoipa Nairobi jina nje zilitengenezwa kwa ushirikiano na Ulaya. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga na kuwa ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ilitokana na mpango wa mafunzo wa One Fine Day Films ya Ujerumani pamoja na Ginger Ink ya hapa. Mipango kama hiyo imewalea waongozaji wetu na siibezi hata kidogo. Ila sheria ya Kenya, kwa kumtambua mtayarishaji peke yake, inamwacha mwongozaji Mkenya bila kitu mkononi anapokaa mezani na mshirika mwenye hazina kubwa. Angalau angeanza mazungumzo akiwa mtunzi mwenza.

Kwenye video nitapita haraka, isipokuwa kwa DJ Afro. Kwa miaka mingi sauti yake imekuwa ikisikika kwenye mabanda ya video, akizisimulia filamu za Hong Kong, India na Marekani kwa Kiswahili cha mtaani, akiwapa wahusika majina na tabia ambazo mwandishi wa kwanza hakuziota. Kwa sheria, kusimulia juu ya filamu ya mtu kunahitaji ruhusa ya mwenyewe, na mwenye filamu ana haki kulalamika. Kwa sanaa, watu hulipa kiingilio kumsikiliza yeye, hata filamu wakiwa wameiona tayari. Huo ni utunzi. Sheria ya haki ingempa njia rahisi ya kulipia leseni, badala ya kujifanya kwamba hakuna kilichoongezwa.

Kinachowagusa wapiga picha wengi wa mji huu, hata hivyo, ni harusi na matangazo. Sheria inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Kwa harusi naona ni sawa. Bibi harusi hapaswi kuiona sura yake kwenye bango la saluni kwa sababu tu aliyeipiga anaimiliki. Kwa hoteli, benki na kampuni za vinywaji ni jambo jingine kabisa: kijana analipwa siku moja, picha inatumika miaka saba kutoka Mombasa hadi Malaba, na hana neno. Hapa ndipo ningependa Bunge liguse kwanza, hata kabla ya kile kifungu cha miaka: kazi ya familia ibaki kwa familia, kazi ya biashara ibaki kwa mtunzi na mteja auziwe matumizi kwa muda na mahali palipotajwa.

Mpaka hapo, mlango uliopo ni lile neno “isipokuwa”. Kazi nyingi Nairobi huanza kwa simu na amana kuingia M-Pesa, bila karatasi yoyote. Mpiga picha anayetaka kubaki na kazi yake aandike, kabla hajaipokea hiyo amana, kwamba hakimiliki ni yake, mteja ataitumia picha wapi na mpaka lini, na jina lake litaandikwa wapi. Mteja wa kampuni akikataa sentensi hiyo, bei ipande, kwa maana anachonunua ni picha yenyewe, moja kwa moja.